Nipe Mji Huu

Bagamoyo,
Siku za masika.

Kwa Baba yangu,

Shikamoo baba. Shikamoo mama, maana najua umekaa hapo pembeni unasomewa. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na ile homa iliyonishika mwezi uliopita imekwisha kwa kwinini na kwa uji wa Bi Mwanahawa, mwenye nyumba wangu. Nanyi je? Mguu wa mama umepona? Ng'ombe mweusi amekwisha kuzaa? Mvua imewafikia huko milimani, au bado mnaitazama ikiwanyeshea wenzenu wa upande wa pili?

Barua yako nilikabidhiwa na yule dereva wa lori, ndugu yetu. Unasema umesikia kuwa watu wa pwani hawanitaki. Umesikia wanasema mwanamke wa Upare hawezi kuwafundisha watoto wao Kiswahili. Kwa hiyo kaka Eliamani atakuja shule zikifungwa, anichukue, nikafundishe hapo nyumbani penye heshima. Baba, uliyoyasikia ni kweli. Na mimi sirudi. Nimelisema mapema ili usisome karatasi zote hizi ukitafuta mahali nilipokubali. Sasa nakuomba usiikunje barua, nisikilize kwanza.

Shule yetu iko ukingoni mwa mji. Nusu ya darasa langu ni watoto wa hapa hapa, waliozaliwa na Kiswahili mdomoni. Nusu nyingine ni watoto wa kambi ya shamba la mkonge, ambao baba zao wametoka Urundi, Nyasa, na ng'ambo ya Ruvuma kwa Mreno. Wengine walifika hawajui hata kuomba maji ya kunywa. Wote nawafundisha Kiswahili katika chumba kimoja na ubao mmoja. Na anayewafundisha ni mimi, niliyejifunza lugha hiyo shuleni kama wale wa kambi.

Mwanzoni watoto wa mji walinicheka mpaka basi. Nikitamka neno kwa lafudhi ya kwetu, darasa zima kwi kwi kwi! Niliwaacha wacheke wachoke. Halafu nikawaambia kila mmoja amwandikie mjomba wake barua ya kumwomba kanzu ya sikukuu. Wakaniletea mistari miwili miwili, haina salamu wala nukta, mjomba mwenyewe hata jina hakutajwa. Nikawauliza, "Haya, nani acheke sasa?" Wale wa kambi wao walikuwa na maradhi mengine, waliogopa kufungua mdomo. Basi nikawachanganya, mtoto wa mji na mtoto wa kambi benchi moja, mmoja amweleze mwenzake.

Kulikuwa na Zuhura, binti wa mji mwenye maneno kuliko wote. Nikamweka na Nahimana, binti wa Kirundi ambaye tangu aje hakuna aliyeisikia sauti yake. Nikamwambia Zuhura amweleze mwenzake maana ya "pole". Akafikiri, akajikuna kichwa. "Mwalimu, pole si pole tu!" Nikamwambia haitoshi. Basi akamsukuma Nahimana kutoka kwenye benchi, pu! Akamwinamia na kumwambia, "Pole." Nahimana akainuka, akajipangusa vumbi, naye akamsukuma Zuhura mpaka chini. "Pole na wewe," akasema. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza darasani mwangu, na tangu siku ile hawaachani.

Sasa huyo Zuhura ni mjukuu wa Bi Mwanahawa, na Bi Mwanahawa ndiye aliyewakusanya wazazi wanipinge. Usistaajabu, ndivyo yalivyo. Asubuhi ananiletea chai na vitumbua, jioni anazunguka mitaani kusema yule mwalimu aondoke, na watoto wa kambi watafutiwe shule yao huko huko mkongeni. Siku moja tulipokuwa uani tunachagua mchele nikamwuliza uso kwa uso.

"Bi Mwanahawa, unanilisha na unanifukuza?"

"Nakulisha kwa kuwa u mgeni wangu," akasema. "Nakufukuza kwa kuwa mjukuu wangu ameanza kusema kama watu wa kambi. Juzi kaniita kwa neno la Kirundi. Mimi, bibi yake!"

"Alikuitaje?"

"Nitajuaje? Hilo ndilo lililoniudhi!"

Nikaangua kicheko, naye akazidi kuvimba. "Nyinyi Wapare kwa kesi hamjambo," akasema. "Haya, kesi tutaikata Jumamosi mbele ya mwalimu mkuu."

Nilikwenda kwa huyo mwalimu mkuu. Nikamwambia, "Ukiwatoa wale wa kambi, nitoe na mimi, maana mimi pia ni mtu wa kuja." Akashika kichwa. "Mwalimu, usinitie mashakani." Akasema wazazi watakuja kuwasikiliza watoto, na wengi wakitaka darasa litengwe litatengwa, nami nitapewa uhamisho. Nilitoka pale na hasira, baba. Na woga pia, sikufichi. Moyoni niliwaona wale watoto wakirudi kambini kukaa kimya tena.

Jumamosi ikafika. Wazazi wakajaa darasani, waliokosa nafasi wakaning'inia madirishani. Nilikuwa nimewatayarisha watoto kusoma kwa zamu. Kabla sijasema neno, Zuhura akasimama.

"Kitendawili!"

Watu wa hapa, baba, ukiwaambia hivyo huwashiki tena. Chumba kizima kikaitika, "Tega!"

"Mimi sitegi. Anatega mwenzangu." Akamvuta Nahimana mkono, akamsimamisha mbele. Kama walikuwa wamepanga mimi sijui, mpaka leo wananificha.

Nahimana akasema, "Babu yangu hukatwa vidole kila siku, na vidole vyake haviishi."

Wakaanza kubahatisha. Kucha! Nywele! Mgomba! Mtoto anatikisa kichwa tu. Mwishowe macho yote yakamgeukia Bi Mwanahawa, maana katika mji huu hajatokea mtu wa kumshinda kwa vitendawili, na mwenyewe hutamba hivyo sokoni. Midomo ikamcheza.

"Mchicha," akasema.

"Siyo, bibi."

"Hebu rudia." Mtoto akarudia. Bi Mwanahawa akarekebisha kanga yake. "Basi, nimeshindwa."

Hapo lazima nikueleze desturi yao. Aliyeshindwa huambiwa "nipe mji", naye humpa mtegaji mji wowote, mwingine na mwingine, mpaka mtegaji aridhike. Asiporidhika hatoi jibu.

"Nipe mji," akasema Nahimana.

"Nakupa Dar es Salaam."

"Siutaki."

"Chukua Unguja, na karafuu zake zote."

"Siutaki."

"Ala! Nakupa London!"

Watu wakacheka. Nahimana hakucheka. "London siutaki, bibi. Nipe huu."

"Upi?"

"Huu tulio nao. Nipe Bagamoyo."

Kicheko kikakatika. Bi Mwanahawa akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi, nami sikuinamisha macho. Angeweza kukataa. Lakini angerudi nyumbani bila jibu, na bibi yule bila jibu hata usingizi haupati. Mara akajipiga paja.

"Haya, mshari mkubwa wewe! Chukua Bagamoyo!"

Mtoto akavuta pumzi, akamalizia kama desturi inavyotaka, tena kwa Kiswahili kilichonyooka. "Nilikwenda Bagamoyo, nikawakuta watu wote hawajambo. Wakaniuliza, umetoka wapi? Nikawaambia, nimetoka hapa hapa. Wakasema, basi karibu ndani. Jibu lake ni mkonge."

Mkonge, baba! Hukatwa majani leo, kesho mengine yako tayari, na baba yake Nahimana ndiye mkataji. Watu wa mji wanaupita kila siku njiani na hakuna aliyeukumbuka. Nililia mbele za watu, nikapenga kamasi kwa ncha ya kanga, sikujali.

Sisemi mambo yote yalinyooka. Wapo wazazi waliowaondoa watoto wao siku ile ile kwa hasira. Na mnyapara wa shamba bado anasema mtoto wa kibarua akijua "kata" na "beba" anatosha. Lakini wengi walisema darasa libaki lilivyo, na mwalimu mkuu akasema hataandika uhamisho wowote. Bi Mwanahawa alinipita mlangoni bila kunitazama. "Kiswahili chako mwalimu bado kina mawe," akasema, "lakini watoto umewaivisha." Siku hizi Nahimana akipita asubuhi, bibi huyo hupaza sauti kutoka barazani, "Mpisheni mwenye mji!" Naye mtoto humwamkia, shikamoo bibi, tena kwa madaha.

Ndiyo sababu sirudi. Najua unaona aibu mwanao kusemwa na watu. Lakini wazee wa ukoo walipokuja kwetu kusema msichana amesoma vya kutosha, aolewe, nani aliwafungulia mlango watoke? Mama alikuwa jikoni, nami nilikuwa nyuma ya pazia nasikia kila neno. Ukaidi wangu sikuuokota pwani, niliutoa kwako.

Nisalimie bibi, umwambie tumbaku yake nimeitafuta sijaipata. Nisalimie shangazi anayekaa karibu na kanisa, na mwalimu wangu wa darasa la kwanza kama bado ana nguvu. Kaka Eliamani mwambie aje, nimemkumbuka sana. Aniletee mahindi na maharage nipike makande, wali wa nazi umenichosha. Ila aje kama mgeni, akalie kiti cha mgeni, na sanduku la kuchukulia nguo zangu aliache huko.

Na sasa, baba, kitendawili. Najua mama ameitika "tega", hivyo nawe itika.

Nilimfundisha kukataa. Siku alipokataa, nikamkasirikia.

Jibu unalijua, na najua hutalisema. Basi nipe mji. Usinipe Same wala Moshi, wala ile nafasi uliyoniombea hapo nyumbani. Nipe huu nilio nao.

Wako akupendaye na asiyekuja,
Namkunda