Mbao Tatu Juu ya Paa

Nakuru,
Jumapili, baada ya ibada

Mama mpendwa,

Pokea heshima zangu. Je, kile kikohozi kimekuachia? Mimi ni mzima, ila vumbi la ziwa hili hunipigisha chafya hadharani.

Uliuliza kama masomo ya Kampala yamezaa chochote. Ofisi yetu ya ramani imenikabidhi kibanda cha kupungia upepo, juu ya duka la mfanyabiashara wa vitambaa. Paa ni la zamani, halihimili mawe, kwa hiyo nimechora nguzo nyembamba za mwerezi wa msitu wa Mau. Nilipendekeza zisipakwe rangi, zigeuke kijivu zenyewe. Tajiri, mwenye duka, akapinga: "Watu watasema nimefilisika!" Tukapatana nianike mbao tatu za miti tofauti, podo, saiprasi na mwerezi, juu ya paa tangu masika hadi vuli. Zikizeeka vizuri, nijenge nipendavyo. La sivyo, kazi apewe mwingine.

Podo iliota ukungu, saiprasi ikajipinda, lakini mwerezi ulipata rangi ya jivu iliyonifurahisha mno. Juma lililopita tukapanda na tajiri aamue. Loo! Mbao zote zimesuguliwa, zang'aa kwa mafuta. Sikukuu yao ya Diwali imekaribia, na mama yake tajiri, ambaye sote twamwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, hasazi uchafu popote nyumbani majira hayo.

"Binti, wewe shule ya nini?" akanikaripia. "Mbao nanyeshewa, hapana osha!"

"Ba, nilitaka zizeeke."

"Kuzeeka hapana taka saidia. Tazama mimi!"

Tulicheka hata tajiri akaketi chini. Kisha Ba akaugonga ule mwerezi, mwekundu kama siku ulipopasuliwa. "Hii mzima. Rangi ya nini? Kila mwaka mimi nasugua." Mwanawe hakuthubutu kubisha.

Basi tunajenga, Mama, bila rangi. Sijui kama nimeshinda: huenda msasa wa Ba ukazila mbao upesi kuliko mvua, na kijivu nilichokitetea sitakiona kamwe. Hata hivyo nilishuka ngazi nikiimba.

Nisalimie Baba, kaka mkubwa na mkewe, na shangazi wa sokoni. Mwambie shangazi bado nakula mboga.

Ba aliuliza kama mama yangu yu hai. Nilipoitikia, akasema, "Basi leta yeye, tukae juu. Kiti yake weka karibu yangu." Tafadhali nitumie uzi uliopimwa kutoka goti lako hadi kisigino, nikuchoree kiti hicho.

Wako akupendaye,
Binti yako, Mkanyika