Mikono ya Akinyi

Wambui wangu,

Huku Kangemi tu wazima. Babu yako amepata miwani mipya na sasa anaona hata vumbi nililoficha nyuma ya redio.

Simu zenu zimechukuliwa hapo kambini Karen, kwa hivyo nakujibu kwa barua. Unauliza utapandaje ule mnara wa mbao Ijumaa huku kamba yako ikishikwa na Simran, msichana uliyemcheka alipolia siku ya kwanza.

Nilipokuwa na umri wako, nilikwenda kambi ya shule na msichana anayeitwa Akinyi. Kwetu samaki hakuliwa, na alipofungua omena yake, wale dagaa wakavu, niliziba pua mbele ya wasichana wote. Kesho yake tukashushwa mwambani kwa kamba, na mwalimu akampa Akinyi kamba yangu aishike.

Katikati ya mwamba miguu yangu ilikataa. Nilitazama juu nikamwona Akinyi, kamba imemzunguka kiunoni. Nikawaza, akitaka kulipiza, ni sasa.

"Akinyi, usiniachilie!" nililia. "Nisamehe!"

"Nyamaza ushuke," akasema. "Hata mimi naogopa."

Kamba ilitetemeka mpaka nikagusa ardhi. Baadaye niliona viganja vyake vimechubuka.

Jioni nilimwomba omena. Nilikula na vichwa vyake, naye akaziba pua akinicheka.

Zungumza na Simran leo, usingoje Ijumaa. Mimi niliomba msamaha nikiwa naning'inia, na mpaka leo sijui kama nilijuta au niliogopa tu.

Shosho wako