Nusu Kilo ya Heshima

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hali yako? Na magoti je, yanakusumbua bado, au yameamua kustaafu kabla yako? Mimi ni mzima, ila ngazi zinanimaliza. Lifti ya wizara ilikufa kabla sijaajiriwa, na idara yetu ya ustawi wa mtoto iko ghorofa ya sita. Nikifika juu najiona niko mawinguni: dirisha jeupe, feni inazunguka polepole, karatasi zinanyanyuka na kulala zenyewe. Tuko watatu, na kompyuta moja. Sisi watatu ndio tunaoandika sera ya watoto wa nchi nzima. Usicheke.

Ukutani kuna ramani. Wilaya yenye watoto wengi wenye uzito pungufu naipaka nyekundu, yenye nafuu njano, nzuri kijani. Jana nimepaka ya kwetu kijani, nikasimama kuitazama mpaka chai ikapoa. Takwimu za kliniki yako ndizo zilizoibeba wilaya nzima. Mkurugenzi amesema huyo muuguzi apewe cheti. Sikumwambia kuwa ni mama yangu, lakini nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kwa kuwa tumekuwa kijani, kuanzia Julai unga wa lishe unaoletwa kwenu utapelekwa wilaya nyekundu. Hautoshi kwa wote. Najua utaelewa.

Mwanao,
Kitindamimba

12 Februari

Mwanangu kitindamimba,

Marahaba. Sijambo, magoti nayo hayajambo kiasi. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa chini.

Nimeota ndoto. Nilikuwa napima watoto, nikimtia mmoja kwenye mfuko wa mizani, mshale hausogei. Nikamtia mwingine, hausogei. Nikatazama juu, nikawaona wote wanaelea chini ya dari, wamenyamaza, wananitazama kwa adabu. Nikaenda kutafuta kamba ya kuwashushia, na kliniki ikawa haina mwisho, mlango baada ya mlango. Nimeamka jasho linanitoka.

Hiyo rangi ya kijani haiwezi kungoja kidogo? Haraka haraka haina baraka. Mimi nastaafu Juni, anaweza kuja mwingine akapima upya. Nauliza tu.

Wasalimie wenzako wawili. Na ule vizuri. Mtu wa wizara ya watoto akikonda, nani atamsikiliza?

Mama yako

25 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Salamu zimefika, wenzangu wamecheka.

Ila hilo neno lako la "nauliza tu" limenikaa kooni. Wewe hujawahi kuuliza tu. Basi nikatoa ripoti za kliniki yako, nikazitandaza sakafuni kwa sababu meza haitoshi, nikavua viatu nikatembea katikati yake. Mama, tangu miaka sita iliyopita hakuna mtoto wako hata mmoja aliyeshuka chini ya mstari mwekundu wa kadi. Wengi wako juu yake kidogo tu, wamejipanga ukingoni. Hata mwaka ule mvua zilipogoma, ambapo nilikuja likizo nikawaona watoto kwa macho yangu.

Mizani yako ni nzima? Niambie ni mbovu, nami nitaandika ni mbovu.

Mwanao

4 Aprili

Mama,

Shikamoo. Wiki tano hujajibu. Simu hupokei, na jirani anasema kila akikuona unafua. Nguo gani hizo zisizoisha? Orodha ya wilaya inakwenda kwa Katibu Mkuu tarehe 22, na akishasaini hairudi tena. Nakuomba uniandikie.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mizani ni nzima. Mwongo ni mimi.

Miaka sita iliyopita ulikuja waraka kutoka huko huko kwenu. Mtoto akishuka chini ya mstari, jina la mama yake lisomwe kwenye mkutano wa mtaa, ili wazembe waone haya. Nililisoma jina moja. La binti mmoja muuza mkaa, mtoto wake alikuwa amepungukiwa nusu kilo. Watu wakacheka. Hakurudi tena kliniki, hata kwa chanjo, na surua ilipokuja ikamchukua yule mtoto. Mimi ndiye niliyelisoma, kwa sauti, na miwani yangu puani.

Tangu siku ile, anayepungukiwa namjazia kwa kalamu. Nikaiita nusu kilo ya heshima. Uzito wa kweli nauandika kwenye daftari langu la pembeni, na aliyekonda nampimia unga vikombe viwili badala ya kimoja. Nikajiona mjanja: mkutanoni hawaaibiki, nyumbani wanakula. Sikuwaza kwamba karatasi zangu zinapanda ngazi ghorofa sita na kugeuka rangi ukutani kwako. Sasa unga unaondoka, na aliyeuondoa ni mimi. Ni watoto sitini na mmoja, mwanangu. Nawajua wote kwa majina.

Nimeona aibu kukuandikia. Wewe nilikulea usiseme uongo hata kwa kikombe kilichovunjika.

Mama yako

14 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Nimelia kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, watu wakinipisha.

Kisha nikarudi mezani nikafungua rasimu ya sera yetu mpya. Ukurasa wa ishirini na mbili: "Wazazi wa watoto wenye uzito pungufu watangazwe hadharani." Ni maneno ya ule waraka. Nimeyanakili mimi mwenyewe, kwa sababu tuko watatu, muda ulikuwa mfupi, na yalikuwa yameshaandikwa. Sikuyafikiria hata kidogo. Leo nimeyafuta, na Mkurugenzi akiuliza aniulize mimi.

Kuhusu unga, nimepata njia. Kabla orodha haijatoka nitapaka wilaya yetu nyekundu, niseme nilikosea kujumlisha. Hakuna atakayejua. Utastaafu Juni na jina lako safi. Lichane hilo daftari, Mama, uliwashie jiko.

Mwanao

17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Usipake. Nusu kilo moja inatosha kwa ukoo mmoja. Kuna wilaya nyingine inaugombea unga huo huo, na mama wa huko hana binti wizarani. Kama sisi ni wekundu, tuwe wekundu kwa daftari, si kwa penseli yako.

Daftari nimempa kondakta wa basi alilete. Nimeliandikia jina la Mkurugenzi, si lako, na barua yangu juu yake, na sahihi yangu.

Jana niliwaambia wanawake wenyewe. Walikuwa kwenye mabenchi, watoto mapajani. Nilidhani watanizomea. Badala yake mmoja akasema, "Haya nesi, tumekusikia. Sasa wangu ana kilo ngapi?" Nikamwambia. Wakapanga foleni wote, mmoja mmoja, mpaka jua likahama kutoka dirisha hili kwenda lile. Nilikuwa kama mtu aliye ndani ya maji, nasikia sauti yangu kwa mbali ikitaja namba za kweli. Sijachoka hivyo tangu nikuzae wewe.

Mama yako

6 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, yenye muhuri. Usiifungue kabla hujamaliza yangu.

Daftari lako lilifika kabla orodha haijakwenda kwa Katibu Mkuu, na Mkurugenzi alilisoma tangu asubuhi mpaka mhudumu alipopanda kufunga madirisha. Akatoka, akachukua penseli nyekundu, akapaka mwenyewe. Unga hauondoki. Timu itakuja kupima upya. Kile kifungu cha ukurasa wa ishirini na mbili hakukirudisha. Kisha akasema muuguzi asimamishwe kazi, hakuna namna, na mchapaji wetu yuko likizo ya uzazi.

Barua hiyo nimeichapa mimi, Mama. Majina yako yote matatu. Nilipompelekea asaini nikamwambia, "Huyu ni mama yangu." Alilisoma jina lako tena, kisha akasaini. Akaniuliza kama nataka kuileta kwa mkono wangu. Nimeshindwa. Nisamehe.

Mwanao

29 Mei

Mwanangu kitindamimba,

Marahaba, na acha kuomba msamaha. Barua ya serikali nimeipokea. Haina kosa hata moja la uchapaji, nikajikuta najivuna, Mungu anisamehe.

Timu imekuja jana na mizani mpya na nesi mpya, msichana wa rika lako. Mimi siruhusiwi kushika kitu, basi nikakaa benchi la wanawake, nikapakatishwa mtoto wa mtu. Walio chini ya mstari si sitini na mmoja, ni sitini na wanne. Kumbe hata kwenye lile daftari la pembeni mkono wangu uliteleza. Unga umeletwa, magunia yamefika hadi dirishani.

Karibu na adhuhuri akatundikwa mtoto mmoja, mshale ukasimama pabaya. Mama yake akainamisha uso. Yule nesi akashika kalamu na asiandike. Akainua macho akanitafuta mimi, juu ya vichwa vya watu wote.

Nikamwambia, "Andika ulichokiona, mwanangu. Kisha mpe mama yake kiti."

Mama yako