Spika za Watu Wawili

Noelene mke wangu,

Hapa Toowoomba mlimau umezaa, ila kuku wako walikuwa wamesusa kutaga.

Risiva yetu ya muziki imeungua. Mpya niliichagua upesi. Spika ndizo zilizonitoa jasho.

“Babu, mnasikiliza wangapi?” muuzaji akaniuliza. “Hizi za bei ghali zinamfaa anayekaa katikati tu. Wa pembeni anaambulia makombo.”

Miaka thelathini kiti cha katikati kilikuwa changu, nawe ukisikilizia jikoni.

“Wawili,” nikamjibu.

“Mbona hukuja na bibi?”

“Yuko Hobart kwa dada yake.” Sikumwambia tangu lini.

Nikachukua zile nyingine, zinazosikika vizuri popote mtu anapokaa. Sebuleni nimeweka viti viwili, sawa kwa sawa. Kile changu cha zamani nimewapa kuku. Leo wametaga.

Ni mimi, mkaidi wako,
Merv