Benchi la Terere na Faida ya Tawi

Jumatatu, 4 Machi 2019

Amefika bwana mkubwa kutoka makao makuu, Asunción. Renzo, mtaalamu wa faida — eti hiyo nayo ni kazi. Tawi letu la benki hapa Yuty lisipoonyesha faida mwisho wa mwezi huu, linafungwa. Tuko sita, mimi nina miaka kumi na moja kwenye mikopo. Kasema hesabu ni nyepesi: punguza gharama, ongeza mikopo. Nikauliza, na isiyolipwa? Akanitazama kama nimecheka msibani.

Jumanne, 5 Machi

Tulimkaribisha terere, yale majani ya maji ya barafu tunayokunywa kwa kupokezana kibuyu kimoja, kwenye benchi la wateja. Akanywa mara moja, akasema asante, kwa adabu zake zote. Basi kibuyu kikampita hadi mchana. Kwetu ukisema asante umetosheka, hupewi tena! Hakuuliza. Amenuna, anadhani tumemdharau. Sasa tunamdharau kweli.

Alhamisi, 7 Machi

Benchi limeondolewa. Barafu na majani, marufuku. Eti wateja wanakaa saa nzima bila kusaini chochote. Bure kabisa huyu. Hapo benchini ndipo nilipokuwa najua nani kavuna na nani anauza shamba kimyakimya. Na amana je? Ña Obdulia, bibi muuza chipa, vile vimkate vya jibini, leo katoa akiba yake yote. Kasema benki ya kusimama ataipata popote. Renzo akamfungulia mlango, tena kwa tabasamu.

Jumatatu, 18 Machi

Don Wilfrido, mfugaji mkubwa wa hapa, anataka mkopo wa guarani milioni mia tisa. Dhamana: ng'ombe mia nne. Kompyuta ya Renzo imempa alama za juu. Nikaenda kununua chipa kwa Ña Obdulia, nikalitaja jina tu.

"Ng'ombe gani, mwanangu? Kauza wote Januari. Zizini wamebaki kupe."

Nikamwambia Renzo. Akasema umbea hauingii kwenye mfumo. Ada ya mkopo inaingia mwezi huu, tawi linapona. Hasara itakuja mwakani, na mwakani yeye atakuwa kwenye kiti kikubwa zaidi, akiwafundisha wengine.

Ijumaa, 29 Machi

Saini ya pili kwenye mkopo huo lazima iwe yangu. Nimekataa tangu asubuhi. Wenzangu wananitazama tu; tawi likifungwa, kazi zao zimekwisha. Lourdes wa dirisha la pili ana mimba ya miezi saba. Nikasema naenda msalani. Naandika haya nimekaa juu ya kifuniko cha choo — mtaalamu wa mikopo, miaka kumi na moja!

Renzo anagonga. Anasema, dada Zunilda, Don Wilfrido ana haraka.

Naam, lazima awe na haraka. Mwizi. Na huyu wa mlangoni ni mpumbavu mwenye tai. Na mimi?

Nimejaribu saini yangu hapa pembeni mwa ukurasa, mara tatu. Ya kwanza ilipinda. Ya tatu imetoka nzuri kabisa.

Anagonga tena —