Ngamia wa Musembi

Bulla Iftin,
S.L.P. 31,
Garissa.
17 Mei 1997

Mpendwa Siyad, mwana wa ndugu yangu,

Assalaam aleikum. U hali gani huko Mombasa? Na mkeo Arbia, ile homa imemwachia? Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Goti hunisumbua nikisujudu, lakini kwa umri wangu kulalamika ni aibu. Kule malishoni kwetu Griftu mvua imenyesha, na mifugo iliyosazwa na kiangazi imeanza kupata nguvu.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi, ili Arbia naye asome. Kisomali kingekusitiri.

Jumanne niliingia katika hoteli yako ya hapa Garissa kunywa chai. Nikamkuta Musembi, mpishi wako, ameweka mwiko chini, anamdai meneja wako Abdow mshahara wa miaka miwili. Abdow akamjibu mbele ya wateja:

“Mshahara yako amekufa, Musembi. Kiangazi imechukua. Omba Mungu.”

“Mimi nimepika hapa, sijachunga,” Musembi akasema. “Na kama amekufa, ngozi iko wapi?”

Watu wakacheka. Mimi nikamwita Musembi mezani kwangu, akanieleza yote.

Ndipo nilipojua kwamba unamlipa mpishi wa mjini mtamba mmoja wa ngamia kwa mwaka, tena mtamba aliye Griftu, ambaye Musembi hajamwona hata kwato.

Siyad, nimechukizwa hadi chakula cha hoteli hiyo sikitaki tena. Wala usiniambie ni mila. Babu yako alimlipa mchungaji mtamba kila mwaka, kweli. Lakini mchungaji alimchagua mwenyewe, akamtia alama yake, na mnyama akifa aliuona mzoga kwa macho yake. Wewe umeitoa mila hiyo roho ukabakiza ujanja. Musembi ni Mkamba wa Mwingi. Ngamia hata kumkama hajui.

Nilikuwa karani wa mahakama miaka ishirini na mitatu, kwa hiyo vumilia nikueleze polepole. Serikali hutangaza kima cha chini cha mshahara, mara nyingi Sikukuu ya Wafanyakazi. Kiwango hutegemea kazi na mahali: mpishi si sawa na mfagizi, na Mombasa si sawa na Garissa. Kulipa zaidi ni hiari yako. Kulipa pungufu si hiari ya mtu yeyote, hata ya Musembi mwenyewe. Kwa hiyo ile karatasi ya mapatano ya ngamia uliyomtilisha kidole gumba inafaa kufungia sukari tu. Tena mshahara ni shilingi, mkononi mwake, kila mwezi.

Abdow anajitetea kwamba Musembi hula bure na hulala stoo. Makazi ni juu ya mshahara, si badala yake: umpe chumba cha kufaa au posho ya nyumba. Kulala juu ya magunia ya unga, na panya wakimpita usoni, unakuita makazi?

Musembi naye nilimkemea. Mfanyakazi anapaswa kuuliza kiwango chake tangu mwezi wa kwanza. Yeye alinyamaza, akidhani ngamia wawili ni utajiri, akaahidi kuwauza amalize mahari. Sasa wakwe zake wamempa mpaka mwisho wa mwezi huu. Asipolipa, wanamchukua binti yao pamoja na mtoto.

Nilimwagiza Abdow akupigie simu. Ukajibu kwamba Mkamba atachoka na kwenda kwao. Maneno hayo yamenitia kinyaa kuliko habari ya ngamia.

Hatachoka. Alhamisi nilimpeleka ofisi ya leba mimi mwenyewe. Afisa, Bi Gatwiri, amewaita pande zote mbili tarehe 26. Aliuliza kama mlalamikaji ana shahidi. Nikaandikisha jina langu.

Wazee wa ukoo wamekuja kunisuta: “Jelle, damu yako mwenyewe?” Nimewaambia damu haipiki chai ya watu miaka miwili bure. Ukileta haki yake kabla ya siku hiyo, nitafurahi kubaki nyumbani. Usipoleta, nitashika Msahafu na kusema nilichosikia, na karani ataniuliza jina kamili. Nitalitaja lote, pamoja na la babu yako.

Nisalimie Arbia, na wanao, wajukuu zangu Ramla na Abdisamad. Mwenyezi Mungu akujaalie riziki ambayo hutaona haya kuwaeleza ilikotoka.

Ni mimi adeer yako, ndugu wa baba yako, nikupendaye hata leo,

Jelle