Majina Mia Moja na Kumi na Mawili

Mdogo wangu,

Jumanne iliyopita, saa nne na dakika kumi asubuhi, majina yote ya michoro ya mama yalifutika. Yalikuwa mia moja na kumi na mawili. Nimelitanguliza hilo usije ukasoma salamu ukadhani hii ni barua ya kujuliana hali tu. Sasa salamu. Hujambo? Wifi yangu hajambo, na mgongo wake umepoa? Sisi wazima. Mama anakula, analala, na kila asubuhi ananiuliza kama umesharudi kutoka shule.

Unakumbuka alivyokuwa akitarizi. Kwanza alichora kwenye daftari la miraba, mraba mmoja kwa mshono mmoja, kisha mchoro akaupa jina na sababu ya jina. Miaka miwili nimeihamisha michoro ile kwenye kompyuta, kijisanduku kwa kijisanduku, yote ndani ya faili moja. Halafu kwa programu uliyoitengeneza wewe nikauzungushia kila mchoro mpaka wake, nikaandika jina, na chini ya jina maelezo, kama alivyonisimulia mama akili yake ikiwa bado imetulia. Jirani Kahama Bila Kuaga. Wifi Ana Haraka. Chai Imepoa. Madaftari yenyewe yalioza bomba lilipopasuka. Mimi na wewe ndio tulioyatupa.

Ulipotaka mwongozo wa programu hiyo ulinipigia mimi. Ulisema nikielewa mimi niliyeishia darasa la saba, ataelewa kila mtu. Nilicheka na wewe. Nikaandika kurasa hamsini na nane kwa miezi minne, na hakuna hatua niliyoiandika kabla ya kuijaribu kwa mkono wangu. Jalada likatoka na jina lako peke yake. Mimi nilikuwa ukurasa wa mwisho, ndani ya “shukrani kwa familia”. Nilipokuuliza, ukaniambia dada, mambo madogo hayo. Baadaye ukaniletea toleo jipya la majaribio ili nirekebishe mwongozo. Nikaanza kukuuliza umelipimaje, ukanikata kauli: wewe dada andika tu, kupima niachie mwenyewe.

Jumanne hiyo nilikuwa nahitaji picha ya ukurasa wa arobaini na saba, ya kuonyesha faili lenye mipaka mingi. Nikafungua la mama. Nikasogeza mpaka mmoja, nikahifadhi, nikafunga. Nilipolifungua tena maua yapo, ndege wapo, mipaka hakuna hata mmoja, na majina yamekwenda nayo. Toleo jipya lilikuwa limeshatoka, na programu ilikuwa imejisasisha yenyewe bila kuniuliza. Kwamba hujisasisha yenyewe, imeandikwa ukurasa wa kumi na mbili. Nimeandika mimi.

Nimekaa na mama asubuhi mbili, nikimwonyesha mchoro mmoja mmoja. Mimi nakumbuka majina thelathini na moja. Yeye aliongeza mawili; michoro mingine kumi na mmoja yote aliiita Chai Imepoa. Ule wa jirani aliushika karibu na macho, akausifu, akasema aliyeutarizi ana mkono mwepesi, akaniuliza ni fundi gani, anaishi wapi. Kwa hiyo yamebaki sabini na tisa. Mchapaji wa kitabu cha michoro yake anafunga kurasa Alhamisi, na amesema hasubiri.

Sasa nikwambie lililobaki. Wiki tatu kabla ya toleo kutoka, nililijaribu. Niliweka mipaka minane, nikahifadhi, nikafungua tena. Mitano isiyo na maelezo ilirudi; mitatu yenye maelezo haikurudi. Nilirudia mara nne, ikawa vilevile. Nilijua, na sikukwambia. Nilitaka watu usiowajua wakuandikie wakulalamikie, uone kama kupima ni jambo dogo. Nikahesabu kwamba hasara itakuwa barua tano, sita. Katika hesabu hiyo sikulitia faili la mama, kwa sababu nilidhani mashine yangu bado ina toleo la zamani, nililolirudisha baada ya kujaribu. Kosa la programu ni lako. La kunyamaza ni langu, na silipunguzi.

Mwaka jana uliniomba faili kubwa la kupimia kasi, nikakutumia hilo hilo, likiwa na majina yote. Sitaki kusikia kwamba utaangalia, wala pole dada. Nataka neno moja: unalo, au huna. Kama huna, nitachapa sabini na tisa kwa namba tu. Mama hatajua. Tutakaojua ni sisi wawili.

Msalimie wifi. Mama anakusalimu pia, anasema uvae sweta.

Simu yangu iko mezani. Alhamisi saa sita mchana, si saa sita na nusu. Unalo?

Dada yako